Mwaka mmoja hautoshi kugundua kwamba ndoa yako ni batili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kifungu kimoja cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ambacho wengi hatukijui mpaka siku kinapotuzuia mlangoni. Ni kifungu cha 73, kinachoeleza jinsi mtu anavyoweza kuiomba mahakama ibatilishe ndoa yake. Kinataja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba mmoja wa wanandoa alikuwa tayari na ndoa nyingine siku alipofunga hii, kisha kinaweka sharti kwamba ombi liwasilishwe kabla ya mwaka mmoja kupita tangu ndoa ilipofungwa. Aliyedanganywa hahesabiwi muda kuanzia siku alipoujua uongo. Anahesabiwa kuanzia siku ya harusi, wakati bado anapokea pongezi. Sharti hilo limeniweka mahakamani kwa miaka miwili, na kwa kuwa mchumba wangu anaishi Marekani, limetutenganisha kwa muda mrefu kuliko umbali wenyewe ulivyohitaji.

Machi 2016 nilifunga ndoa ya kiserikali hapa Nairobi na mwanamume niliyekuwa nimemjua kwa miaka miwili. Tulifuata kila hatua tuliyoelekezwa. Notisi ya kusudio letu ilikaa siku 21 kama sheria inavyotaka, ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hakujitokeza mtu. Leo najiuliza angejitokeza nani. Mwanamke aliyekuwa na haki ya kupinga aliishi kijijini magharibi mwa Kenya, mwendo wa usiku mzima kwa basi, na hakuwa na sababu yoyote ya kuja jijini kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Msajili naye asingemwona vitabuni, kwa maana ndoa za kimila zilikuwa bado hazijaanza kusajiliwa chini ya sheria hii mpya; usajili wake ulianza Agosti 2017. Simlaumu yeyote aliyekuwa nyuma ya meza siku ile. Nataka tu msomaji azitazame tarehe hizo pamoja nami: muda niliopewa na kifungu cha 73 uliisha Machi 2017, na daftari ambalo lingeweza kunionyesha ukweli lilifunguliwa miezi mitano baadaye. Hata kama ningekuwa mwanamke mwenye shaka kuliko wote, na ningekwenda kuuliza kila wiki, serikali isingekuwa na karatasi ya kunionyesha.

Niliujua ukweli Novemba 2019, kwenye mazishi ya baba mkwe. Mume wangu alikuwa amenisihi nibaki nyumbani na mtoto, akisema safari ni ndefu na mvua ni nyingi, lakini niliona si adabu baba mkwe azikwe nami sipo, nikamwachia dada yangu mtoto na kupanda basi la usiku. Wasifu wa marehemu ulikuwa umechapishwa katika kijitabu chenye picha, kama ilivyo desturi yetu. Katika ukurasa wa familia, kando ya jina la mume wangu, liliandikwa jina la mwanamke mwingine na majina ya watoto watatu. Langu halikuwamo. Nilikisoma kijitabu kile nikiwa nimeketi chini ya hema, na mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami, ambaye hakujua mimi ni nani, alinionyesha kwa kidole mke wa kijana mkubwa wa boma, akanieleza kwamba mahari yake ilipelekwa mwaka 2011 na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo siku ng'ombe walipofika kwao. Sikusema neno. Nilingoja maziko yakaisha, nikatafuta gari la kurudi.

Wapo watakaosema kwamba ndoa ya kimila isiyo na cheti si kitu. Sheria haisemi hivyo. Sheria yenyewe inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya Kikristo, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu, na pale ambapo mila inadai mahari, inasema hata sehemu ndogo tu ya mahari ikitolewa inatosha kuthibitisha ndoa. Tena mtu aliye katika ndoa inayoruhusu mke zaidi ya mmoja amekatazwa kabisa kufunga nyingine ya mke mmoja. Kwa hiyo yule mama wa kijijini ndiye aliyekuwa mke, na mimi, niliyekuwa na cheti chenye muhuri ndani ya bahasha kabatini, sikuwa mke hata kwa siku moja. Nimekuja kuonana naye mara mbili tangu wakati huo. Hakunikosea, nami sikumkosea, na ni yeye aliyekubali kula kiapo kwa maandishi kuhusu mwaka aliotolewa mahari, kiapo ambacho bila hicho kesi yangu isingesimama.

Kwa nini sikwenda mahakamani mwezi uleule? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na najua wanawake wengine wanaulizwa, kwa hiyo nitalijibu kwa ukamilifu. Kwanza, sikujua kwamba kuna muda uliowekwa, sembuse kwamba ulikuwa umekwisha miaka miwili na miezi minane kabla. Pili, miezi minne baada ya yale mazishi ugonjwa wa korona uliingia nchini, na mambo mengi yakasimama. Lakini sababu kubwa ilikuwa mtoto wangu, aliyezaliwa mwaka 2017. Niliambiwa na watu ninaowaheshimu, wakiwemo wa ukoo wangu, kwamba nikiibatilisha ndoa nitakuwa nimemfanya mtoto awe wa nje ya ndoa na kumpokonya haki zake kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishi na hofu hiyo kwa muda mrefu. Baadaye wakili alinisomea Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayosema kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba wajibu wa baba na mama ni sawa wawe wameoana au hawakuoana. Laiti ningesomewa maneno hayo mapema. Nina hakika wapo akina mama wanaokaa miaka na cheti cha uongo kwa kuogopa jambo ambalo Katiba ilikwisha kuliondoa.

Mchumba wangu nilikutana naye Desemba 2021, katika harusi ya binamu yangu. Alizaliwa Kenya, akaenda Marekani kusomea uuguzi, akachukua uraia wa huko, na sasa anafanya kazi hospitalini Dallas. Alikuja tena Agosti 2022, akafika nyumbani kwa wazazi wangu pamoja na wajomba zake, na uchumba ukatangazwa kwa heshima. Nilikuwa nimemweleza kila kitu tangu mwanzo, na wazee nao walielezwa. Tangu hapo tumeishi kwa simu. Majira ya joto, akitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi ya kwao, hapa ni saa tisa alasiri, nami huwa bado kazini. Nikimaliza kazi, yeye amelala. Sisemi haya ili nihurumiwe. Maelfu ya Wakenya wanaishi hivyo na ndugu zao, na mtu huzoea. Ambalo hatukulizoea ni kusubiri bila kujua tunasubiri nini.

Watu wengi wanaamini kwamba anayechumbiwa na raia wa Marekani hukata tiketi na kwenda. Njia yenyewe ni nyembamba. Raia ndiye anayewasilisha ombi kwa serikali yake, kwa fomu inayoitwa I-129F, akiomba mchumba wake apewe viza ya K-1. Siku ombi linapowasilishwa, wote wawili wawe tayari huru kisheria kufunga ndoa. Si kwamba watakuwa huru kesho au kesi itakapomalizika. Kila ndoa ya zamani lazima itajwe, pamoja na hati inayoonyesha jinsi ilivyokwisha. Aidha wawe wamewahi kuonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya tarehe ya ombi, isipokuwa kwa sababu chache sana. Ombi likikubaliwa, huja uchunguzi wa afya, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi wa hapa, ushahidi kwamba mwenyeji ana kipato cha kumtunza mgeni wake, na mahojiano ubalozini Gigiri. Akifika kule, ana siku 90 za kufunga ndoa na mtu yuleyule aliyemwombea, na siku hizo haziongezwi. Wapo walionishauri tufunge ndoa hapa Nairobi kwanza ili aniombee viza ya mke, lakini njia hiyo nayo ina kizingiti kilekile, kwa sababu hakuna msajili atakayetufungisha ndoa hali jina langu bado limeandikwa kando ya jina la mwanamume mwingine. Kuhusu kwenda kumtembelea kwa viza ya matembezi, sheria yao inamchukulia kila mwombaji kuwa anakusudia kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na mwanamke mwenye mchumba anayemngoja Dallas ana kazi ngumu ya kuthibitisha. Sikujaribu.

Kwa hiyo kila kitu kilirudi kwenye kile cheti cha mwaka 2016.

Mahali pa kwanza nilipokwenda ni kanisani. Mimi ni Mkatoliki, na padri wa parokia yetu alinieleza kwa uwazi kwamba Kanisa halikuwahi kuitambua ndoa ile, kwa sababu Mkatoliki anayefunga ndoa mbele ya msajili peke yake, bila kibali cha Kanisa, hajafunga ndoa kwa taratibu zake. Baada ya uchunguzi wa nyaraka nilipewa barua kwamba niko huru kuolewa kanisani. Nilitoka pale nikiwa na furaha, nikidhani nimemaliza. Padri hakunidanganya, alisema lililo lake kusema. Kosa lilikuwa langu la kudhani kwamba uhuru ni mmoja. Nimegundua baadaye kwamba wasiwasi huu uko kwa waumini wengi, hata waliofunga ndoa kanisani kabisa. Papa Francis alipolegeza utaratibu wa mahakama za Kanisa mwaka 2015, akiondoa sharti la hukumu ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza na kuwapa maaskofu njia fupi kwa kesi zilizo wazi, watu walisikia kwamba sasa kubatilisha ndoa ni rahisi. Ni rahisi zaidi kanisani. Hati ya ndoa ya kanisani hapa Kenya pia ni hati ya serikali, na hukumu ya mahakama ya jimbo haiifuti katika daftari la serikali. Ndugu zetu Waislamu wana nafuu hapo, kwa kuwa Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba na uamuzi wake juu ya ndoa ni uamuzi wa mahakama ya nchi. Sisi wengine tunahitaji kupita milango miwili, na ingekuwa vyema kama mafundisho ya wachumba parokiani yangelisema hilo waziwazi.

Mahali pa pili palikuwa pabaya. Jamaa mmoja alinipeleka kwa wakala mwenye ofisi katikati ya jiji, ambaye hushughulikia safari za nje. Alinisikiliza kwa dakika tano, akasema shida yangu si shida: kwa kuwa ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, niandike kwenye fomu kwamba sijawahi kuolewa, na yeye atapanga yaliyobaki. Alitaka malipo ya kwanza siku ileile. Nakiri kwamba maneno yake yalikuwa na mvuto, kwa sababu yalifanana na ukweli. Sikuwa mke, kwa nini niandike kwamba nilikuwa? Ni mchumba wangu aliyekataa katakata, na nilipolichunguza jambo hilo nilielewa sababu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba mtu anayetafuta viza kwa kudanganya makusudi juu ya jambo la msingi hazuiwi kwa mwaka mmoja au mitano. Anazuiwa maisha yake yote, mpaka apate msamaha maalumu ambao si wote wanaostahili kuuomba. Cheti changu kipo katika daftari la serikali ya Kenya. Yeyote atakayetafuta atakipata. Nawasihi wasomaji walio katika hali kama yangu: ndoa hata ikiwa batili, ilifungwa, na kufungwa kwake ni tukio linalopaswa kutajwa. Mwenye mamlaka ya kulitamka kuwa batili ni mahakama, si wakala wala mwenye ndoa mwenyewe.

Ndipo nikaenda mahakamani, mwishoni mwa mwaka 2022. Ombi liliwasilishwa kwa mtandao, jambo ambalo limerahisisha mengi tangu lianze Nairobi Julai 2020, lakini hati za mashtaka lazima zimfikie mshtakiwa, na mume wangu wa zamani alikuwa amehama bila kuacha anwani. Mpeleka hati alimtafuta kwa miezi mitatu. Hatimaye mahakama iliruhusu atangaziwe gazetini, nami nikalipia nafasi ndogo kati ya matangazo ya zabuni na ya vyeti vilivyopotea, jina langu la ndoa likachapishwa mbele ya nchi nzima. Hakujibu. Kesi iliposikilizwa mwaka 2023, haikuchukua hata nusu saa. Wakili tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa ameiandika chini ya kifungu cha 73, na hakimu akauliza swali moja tu: ndoa ilifungwa lini? Ombi likatupwa kwa kuwa limechelewa. Sikuulizwa nilijua lini. Sheria haikumtaka aniulize.

Wakili wa pili, mama mtulivu ambaye hakunitoza ada yote kwa mara moja, aliifungua Sheria ileile na kunionyesha kifungu cha 11. Hicho kinasema kwamba ndoa ni batili iwapo mmoja wa wahusika hakuwa na uwezo wa kuoa kwa sababu ya ndoa nyingine iliyopo. Hakina sharti la mwaka mmoja. Kwa maneno mengine, jambo lilelile moja, yaani mtu kuoa hali ana mke, liko mara mbili katika Sheria moja: mahali pamoja linaifanya ndoa kuwa si kitu tangu siku ya kwanza, na mahali pengine linamtaka aliyedanganywa awahi kabla ya mwaka kuisha. Mimi si mwanasheria, lakini nashindwa kuelewa jinsi kitu ambacho hakijawahi kuwapo kinavyoweza kuwekewa muda wa mwisho wa kukiondoa. Tulifungua kesi upya, tukiomba mahakama itamke kwamba ndoa ilikuwa batili chini ya kifungu cha 11, tukatoa kijitabu cha mazishi, hati ya kiapo ya yule mama, na ushahidi wa mzee mmoja wa ukoo aliyehesabu ng'ombe mwaka 2011. Hukumu ilitolewa Agosti 2024. Namshukuru Mungu, lakini nawaza juu ya wale ambao kesi ya kwanza ikitupwa hawana nauli wala nguvu ya kufungua ya pili, na juu ya wale ambao hakimu mwingine angewaambia kwamba kifungu cha 73 ndicho njia pekee.

Nimeulizwa pia kwa nini sikuomba talaka tu. Kwa viza, talaka ingetosha, sitaki kumficha msomaji hilo. Ofisi za nje zinataka kuona hati ya mahakama kwamba ndoa imekwisha, na hazijali sana imekwisha kwa jina gani. Ila kuomba talaka ni kula kiapo kwamba nilikuwa mke halali wa mume wa mtu, na kuiomba mahakama imhesabu mwanamke wa kijijini kuwa hakuwapo. Sikuweza. Wala sheria isimlazimishe mtu asiye na hatia kuapa uongo mdogo ili kuukwepa uongo mkubwa aliofanyiwa.

Ucheleweshaji ule uligeuka mzigo mwingine upande wa pili wa bahari. Mchumba wangu alikuwa ameniona mara ya mwisho Agosti 2022. Hukumu ilipotoka Agosti 2024, na nakala yake iliyothibitishwa kupatikana mwezi uliofuata, ile miaka miwili ya kuonana ilikuwa imepita, na ombi lingekataliwa. Ilibidi aombe likizo ambayo hakuwa ameipanga, akate tiketi kwa bei ya haraka, na kuja Oktoba kwa siku tisa. Tulipiga picha kila tulipokwenda, si kwa sababu ya kumbukumbu bali kwa sababu ya faili. Kila risiti ya chakula, kila kipande cha tiketi ya ndege, ukurasa wa pasi wenye muhuri wa kuingia na wa kutoka, vyote viliwekwa kwenye bahasha. Na kwa kuwa ada ya ombi lenyewe ilipandishwa Aprili 2024 kutoka dola 535 hadi dola 675, tulilipa zaidi kwa ajili ya kuchelewa ambako hakukuwa kwetu. Mtoto wangu yumo katika ombi hilohilo, na kwa kuwa baba yake hapatikani, nilirudi mahakamani kwa mara ya tatu kuomba amri ya kuniruhusu kusafiri naye. Hiyo sitailalamikia. Kumlinda mtoto asihamishwe nchi bila idhini ya mzazi mwingine ni jambo jema, na hakimu alilifanya kwa makini.

Nimesikia hoja ya wanaotetea muda huu wa mwaka mmoja. Wanasema ndoa inahitaji uthabiti, na kwamba bila kikomo watu wataamka baada ya miaka kumi na tano na kudai kwamba ndoa haikuwapo, ili wakwepe matunzo au mgawanyo wa mali. Naiheshimu hoja hiyo, na kwa baadhi ya sababu zilizomo katika kifungu cha 73 naikubali. Iwapo wanandoa hawajawahi kukutana kimwili, kila mmoja analijua hilo tangu wiki ya kwanza. Iwapo mke alikuwa na mimba ya mtu mwingine siku ya harusi, miezi haitafika kumi na miwili kabla ya jambo kudhihirika. Mwaka mmoja kwa mambo hayo si mfupi. Lakini ndoa iliyofichwa ni ya namna nyingine kabisa, kwa sababu kuna mtu anayefanya kazi kila siku kuificha, na kadiri anavyoificha kwa ustadi ndivyo sheria inavyomlinda zaidi. Akifaulu kwa miezi kumi na mitatu, ameshinda. Kuoa mara mbili kwa namna hii ni kosa la jinai katika kanuni zetu, lenye kifungo cha hadi miaka mitano, nayo Sheria ya Ndoa inamfungia mlango yule aliyetendewa kosa hilo.

Wala si jambo geni kwa vikomo vya namna hii kuondolewa. Sheria hiyohiyo ilikuwa imewakataza waliofunga ndoa ya kiserikali kuomba talaka kabla ya miaka mitatu kupita, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka Katiba. Kama waliochoshana wamefunguliwa njia, aliyedanganywa naye afunguliwe.

Ninachowaomba waheshimiwa wabunge, hasa wale wa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria, ni marekebisho ya maneno machache: kwamba pale ambapo sababu ya ombi ni ndoa nyingine iliyofichwa, mwaka mmoja uhesabiwe tangu siku mwombaji alipoujua ukweli, au alipopaswa kuujua kwa juhudi za kawaida. Kifungu cha 11 nacho kielezwe wazi kwamba hakifungwi na muda wa kifungu cha 73. Na kwa kuwa sasa ndoa za kimila zinasajiliwa, notisi ya ndoa isiishie kwenye ubao wa jijini; ipelekwe pia kwa chifu wa mahali alikozaliwa kila mmoja wa wanaooana, ambako watu wanajua mahari ya nani ilipelekwa lini. Siku 21 zinatosha kwa karatasi kufika kijijini. Kama ingefika kijijini kwao mume wangu Machi 2016, yule mama mzee wa kwenye hema angeisikia ikisomwa barazani na angesema, pasingehitajika mahakama wala mpeleka hati.

Ombi letu lilikubaliwa mwaka huu na faili imekwisha kufika Nairobi. Uchunguzi wa afya tumefanyiwa, mimi na mtoto. Hukumu ya Agosti 2024, nakala iliyothibitishwa kwa muhuri mwekundu, iko juu ya nyaraka zote katika bahasha, na tarehe ya mahojiano pale Gigiri bado tunaingoja.

Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi,
Umoja, Nairobi